Penye Njia

Mada za mkutano wetu hukaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Karatasi yake ya nje ilishabanduka zamani, limebaki bati tupu lenye kutu ukingoni, na ndani mna vipande vya karatasi vilivyokunjwa mara nne. Kila Jumanne jioni mwenyekiti wa siku hiyo hulitikisa, kisha humpa aliye karibu naye achomoe kimoja. Shukrani. Hasira. Upweke. Deni. Uongo. Harusi na misiba, maana huko pombe humfuata mtu hata kama hakuiita. Kilichochomolewa ndicho kitakachozungumzwa saa nzima, kila mtu kwa zamu yake, bila kukatizwa na bila kujibiwa.

Jumanne yangu ya kwanza kopo liliangukia kwangu, kwa sababu nilikaa karibu na mlango ili nipate kutoroka. Nikachomoa karatasi. Iliandikwa: Utayari.

Sikuwa nao. Nililetwa na dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa amekaa kwenye bajaji nje ya ukuta wa kanisa, akilipa dereva kwa kusubiri, ili nisije nikaingia mlango mmoja na kutokea mwingine. Alikuwa amenipa sharti moja tu: ama niende kwenye mkutano ule, ama nihame kwake. Nilikuwa na miaka 29, nina shahada, na sina pengine pa kulala Dar es Salaam. Nilipofikiwa na zamu nilisema jina langu la kwanza, nikasema sina cha kusema, nikanyamaza.

Aliyefuata alikuwa mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, kofia ya mkono kichwani, ndani ya chumba cha nyuma cha kanisa. Yanayosemwa mle hubaki mle. Haya nayasimulia kwa sababu yeye mwenyewe ameniruhusu, mradi nisimtaje. Alisema: "Mimi leo sina utayari. Leo nimekuja kwa sababu daladala lilikuwa na nafasi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nimelibeba jibu hilo kwa miaka minne sasa. Swali lake si la walevi peke yao. Je, mtu anaweza kuanza jambo jema kabla ya kulitaka? Na akilianza hivyo, je, si mnafiki?

Sote tumelelewa na methali isemayo penye nia pana njia. Imeandikwa kwenye kuta za madarasa na nyuma ya malori. Inatuambia nia hutangulia: kwanza utake, halafu njia itajitokeza. Ndiyo maana mlevi huulizwa swali lilelile na mama, mke, bosi na mchungaji: "Lakini wewe mwenyewe unataka kuacha?" Wanauliza kwa wema. Ila ukimuuliza mtu swali hilo saa moja asubuhi, mikono ikimtetemeka, akili yote ikiwa kwenye chupa ya kuzimua, jibu la kweli ni kwamba anataka kuacha na anataka kunywa, vyote kwa pamoja, na cha pili kiko karibu zaidi.

Wagiriki wa kale waligombana juu ya jambo hili. Socrates alishikilia kwamba hakuna atendaye ubaya huku akijua hakika kuwa ni ubaya. Anayekosea amekosa maarifa. Aristotle hakuridhika. Aliona kwamba watu hujua lililo bora na wakatenda lililo baya, hali aliyoichunguza kwa jina la akrasia. Mimi niko upande wa Aristotle, na ushahidi wangu ni tumbo langu. Nilijua. Nilijua kwa undani kuliko walionihubiria. Machi 1, 2017, serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba, nilishangilia kwa dhati, nikamwambia rafiki yangu kwamba sasa nitapona. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimejifunza ni nyumba gani ya jirani inauza gongo kwa kikombe. Kufungiwa njia moja si sawa na kufunguliwa nyingine.

Aristotle ana mfano mwingine ulionitisha zaidi. Anasema aliyekwisha kulirusha jiwe hawezi kulirudisha mkononi, ingawa kulirusha au kutolirusha kulikuwa juu yake. Kwa maneno mengine: ulichagua zamani, na sasa huchagui tena. Niliposoma hayo nilipata faraja ya ajabu, ile ya mtu aliyehukumiwa tayari. Kama jiwe limeshatoka mkononi, basi tuendelee kunywa.

Lakini mtu si jiwe, na huyohuyo Aristotle anafundisha kwamba tunakuwa waadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Hangojei kwanza awe fundi ndipo ashike mwiko. Hapo ndipo daladala la yule mzee linapoingia.

Historia ya mikutano hii yenyewe inampa mzee haki. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, Ohio, biashara yake imevunjika, amesimama ukumbini mwa hoteli, baa ikiwa hatua chache kutoka alipo. Alikuwa na miezi michache tu bila pombe. Hakupata ghafla nguvu za kishujaa. Aliogopa, akaenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa kuuliza kama kuna mlevi anayeweza kuzungumza naye. Aliyepatikana alikuwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Naye Smith hakutaka kuja. Alikubali kwa sababu ya mkewe, akaweka sharti kwamba ni dakika 15 tu. Alikaa kwa saa kadhaa. Hata baada ya hapo alikwenda kwenye kongamano la madaktari akalewa tena, na kinywaji chake cha mwisho, Juni 10, 1935, kilikuwa chupa ya bia aliyopewa na Wilson mwenyewe ili mikono itulie kabla ya kufanya upasuaji. Tarehe hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Mmoja wa waasisi wake wawili, kwa hiyo, aliletwa kama nilivyoletwa mimi. Tofauti ni kwamba Akron hakukuwa na bajaji.

Mwaka wangu wa pili nilimuuliza yule mzee, tukinywa chai ya tangawizi kwenye ngazi baada ya mkutano, kama hakuona aibu kukaa mle huku moyo haupo.

"Mwanangu, wewe hufungi Ramadhani," akasema, "lakini umekaa na wanaofunga. Sisi Mashafi nia ya funga tunaiweka kila usiku. Ya jana haikutoshi leo. Sasa niambie, unadhani usiku ule mtu anakuwa na hamu ya njaa?"

"Hapana."

"Basi. Nia si hamu. Ukingoja hamu, hufungi hata siku moja."

Sijasikia somo la falsafa lililonifaa kuliko hilo. Lugha yetu imeyatenga maneno hayo mawili, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nayachanganya. Hamu hunijia bila mimi kuiita, kama usingizi au kiu. Nia naiweka, ndiyo maana tunasema kuweka nia, kama mtu anavyoweka jiwe la msingi au akiba. Ukiniuliza kama nina hamu ya kuacha pombe, hata leo kuna Ijumaa ambazo jibu ni hapana. Ukiniuliza kama nimeweka nia, naweza kukujibu kwa siku ya leo. Na kwa kuwa nia hailetwi na hisia, unafiki hauko pale nilipodhani uko. Mnafiki ni anayedai hamu asiyokuwa nayo. Mzee hakudai kitu. Alipanda gari, akaketi, akasema kweli.

Kwa hiyo, kwa muda, niliigeuza methali: penye njia pana nia. Peleka mwili, moyo utafuata. Niliwaambia wageni hivyo, na nilipendezwa na sauti yangu.

Kisha akafa rafiki yetu mmoja.

Yeye ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza. Alipanga viti vya plastiki, akachemsha maji, akaandika upya karatasi za kopo zilipochakaa. Mwandiko ulio kwenye neno Utayari sasa hivi ni wake. Alikunywa tena mara tatu akarudi mara tatu. Mara ya nne aliamua kuacha peke yake, chumbani, kwa ghafla, baada ya wiki nyingi za kunywa bila kupumzika. Watu wengi hawajui kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kwa muda mrefu unaweza kupata degedege na kuweweseka ukinyimwa kwa mkupuo, na kwamba hali hiyo huua. Inahitaji daktari. Hatukujua alichokuwa akifanya mpaka jirani yake alipovunja mlango.

Msibani, chini ya turubai, nilimsikia mmoja wetu akinong'ona: "Maskini, hakuwa tayari."

Nilikasirika kiasi cha kutaka kinywaji. Maana alikufa akiacha. Alikuwa tayari kuliko sisi wote. Alikosa dawa na mtu wa kukaa naye usiku huo. Ndipo nilipoona jinsi neno letu pendwa linavyoweza kuwa fimbo. Aliyepona tunasema alikuwa tayari. Aliyeanguka tunasema hakuwa tayari. Tunajuaje? Kwa kuwa alianguka. Neno la namna hiyo haliwezi kukosea kamwe, na kwa hiyo halielezi chochote. Kazi yake ni kutulinda sisi tuliobaki, ili tuamini kwamba tofauti kati yetu na marehemu ni sifa tuliyo nayo, wala si dada mwenye bajaji.

Tangu siku hiyo sitaki tena kulitumia neno utayari kumpima mtu mwingine. Naweza kulitumia kwangu tu, na kwa jambo lililo mbele yangu tu. Ukipimiwa mwenzio, utayari ni hukumu. Ukijiuliza mwenyewe, ni swali lenye manufaa: kuna hatua gani ndogo ambayo leo sitaki kuichukua?

Yangu ninayo. Katika programu yetu hufika mahali mtu anaandika orodha ya aliowadhuru, kisha anatafuta utayari wa kurekebisha. Orodha yangu ina jina la mdogo wangu wa kike. Mama alikuwa amenitumia kwa simu fedha za korosho za msimu mzima, niende benki nikamlipie ada ya chuo cha uuguzi. Nilikunywa zote ndani ya siku 12, na kila siku nikawaambia kwamba risiti inakuja. Alirudishwa nyumbani Mtwara na begi lake. Alipoteza mwaka mzima. Dada mkubwa ndiye aliyelipa baadaye, na sasa mdogo wangu anafanya kazi wodini, yu mzima, hatuongei.

Nimekwisha kuirudisha fedha, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi 20. Huipokea. Hajibu ujumbe. Nilidhani kwamba hiyo ndiyo hatua ngumu, kumbe kulipa ni rahisi, unabonyeza namba. Ninachokosa ni utayari wa kwenda kukaa mbele yake, nikasema nilichofanya bila kutaja ugonjwa, halafu nikamwachia haki ya kutonisamehe. Kila ninapopanga kusafiri najikuta natunga mazungumzo ambayo mwishoni analia na kunikumbatia. Hiyo ni hamu. Naenda kutafuta kitu kwake, tena. Na yeye alishanipa vya kutosha.

Kwa hiyo pengine nia ya kweli hutambulikana hapo: ni ile unayoweza kuiweka hata ukiambiwa kwamba hutapata unachotamani. Mfungaji haahidiwi futari nono. Bob Smith hakuahidiwa kuwa kinywaji kile kingekuwa cha mwisho. Rafiki yetu alipanga viti kwa miaka, na viti havikumlinda. Hata hivyo alivipanga, nasi tulikaa.

Jumanne iliyopita nilikuwa mwenyekiti. Nililitikisa kopo nikampa kijana aliyekaa karibu na mlango, miguu ikimcheza, mama yake akiwa nje kwenye benchi. Alichomoa karatasi, akaisoma kimya, akaniangalia kana kwamba nimemtega.

"Bro, mimi sina hii," akasema.

Nikamwambia asome tu neno kwa sauti, anayo saa nzima ya kutokuwa nayo, na chai ipo. Zamu yangu ilipofika nilisema jina langu, nikasema kwamba kesho naulizia nauli ya basi la Mtwara. Sikusema kwamba nitasafiri. Niliulizia kweli, asubuhi, nikiwa sina hamu hata kidogo. Nimeandika bei nyuma ya karatasi ya dawa, nikaiweka mfukoni, na usiku huu nitaiangalia tena.