Wakuu wa Tekoa



Ndugu zangu, wiki hii fungueni Nehemia sura ya tatu. Wengi huiruka kwa sababu ni majina matupu: nani alijenga ukuta wapi. Isomeni polepole. Wafua dhahabu wamo, watengeneza manukato wamo, Shalumu yumo na binti zake, na wengi wanajenga palipoelekea nyumba zao wenyewe. Kisha aya ya tano: watu wa Tekoa walijenga, wakuu wao wakakataa kuinama wafanye kazi hiyo.

Nawakumbuka wakuu hao kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na sisi wa Mbinga mjini tukataka mkuu wa shule ahamishwe. Katika mtihani wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata daraja sifuri, hadi Waziri Mkuu Pinda akaunda tume. Haiwezekani wakuu wa shule wa nchi nzima wawe walizembea kwa pamoja.

Na mkuu mpya akiletwa, atakuta nini? Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, sasa anafundishwa baiolojia kwa Kiingereza. Hilo ni la serikali, tuendelee kuidai. Lakini atakuta pia mageto: chumba cha kupanga, godoro sakafuni, unga wa kutoka kijijini umebaki robo debe, na binti wa miaka 14 anajipikia na kujilinda mwenyewe. Mwenye nyumba ni muumini wetu. Kodi anapokea, hajawahi kuuliza nani aligonga mlango ule saa tano usiku.

Kule Mbamba Bay na Liuli, usiku usio na mwezi, wavulana hukesha ziwani wakivua dagaa kwa taa, asubuhi wanasinzia darasani. Huku milimani kahawa ikiiva, dawati hubaki tupu. Anayewatuma ni nani?

Ada ilipofutwa Januari 2016 tulishangilia, tukafunga na mifuko. Chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki juu ya mzazi. Kikao cha wazazi kikiomba debe la mahindi, tunajibu elimu ni bure. Jioni yake tunachangia harusi, tena kwa ahadi nono.

Ukuta wa Yerusalemu ulikamilika kwa siku 52. Shule itatuchukua miaka, basi tuanze na kilicho mbele ya nyumba zetu. Jumapili hii baada ya misa, kila anayepangisha wanafunzi awaandikishe kwa mwenyekiti wa jumuiya yake. Na wenye maharage wapeleke shuleni bila kusubiri kikao.