Huyu Ni Nani Kwako?
Neno kwa wanaovuka mpaka kwenda kumwona mwenzi wao

Masomo: Mwanzo 12:10–20, Nehemia 2:1–9

 

Mwezi huu tunataka kusema juu ya jambo ambalo halitajwi sana mimbarani, lakini wengi wanatuletea baada ya ibada, kwa sauti ya chini. Mtu ana mume, mke au mchumba ng'ambo ya mpaka. Anataka kwenda kumwona. Anajua njia, nauli ameipata, ila hajui atamjibu nini afisa wa uhamiaji atakapomwuliza: Unatoka wapi? Unakwenda kwa nani? Ni nani kwako? Utakaa siku ngapi?

Tunaishi mahali ambapo maswali haya hayakwepeki. Goma na Gisenyi ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari. Mtu wa Birere akisimama mlangoni kwake anaona mabati ya Gisenyi. Ilikuwa hapa Gisenyi, tarehe 20 Septemba 1976, ambapo Zaire, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mkataba wa CEPGL ili majirani watembeleane na kufanya biashara. Kabla ya mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku kwa Petite Barrière peke yake, wengine kwa jetoni ya siku moja, wengine kwa lesepase. Katika kuvuka huko watu walipendana, mahari ikatolewa, nyumba zikajengwa pande zote mbili.

Kisha njia zikawa nyembamba. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Juni 2022 upande wa Congo ulianza kufunga saa tisa alasiri. Wale wenye wenzi Uganda waliona Gatuna ikifungwa Februari 2019, na watu wa kawaida hawakupita vizuri tena hadi Machi 2022. Halafu ikaja Januari 2025, Goma ikaangukia mikononi mwa M23, na familia nyingi zikajikuta baba upande huu na mama upande ule. Kwa hiyo swali la afisa si dogo. Jibu moja laweza kumfikisha mtu kwa mwenzi wake, au kumrudisha nyumbani akilia.

Tuanze na hofu, maana ndiyo inayosema kwanza

Hatutamlaumu mtu yeyote kwa kuogopa. Katika nchi zetu swali la wewe ni nani limemwaga damu. Waamuzi 12 inatuambia kuwa kwenye vivuko vya Yordani watu waliulizwa kutamka neno moja tu, na aliyeshindwa herufi yake ya kwanza aliuawa. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, kitambulisho kilichoandikwa kabila kilitosha kumwua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Wengine wetu tumepita vizuizi vya msituni ambako jina la ukoo lilikuwa hatari. Mtu aliyeponea huko, mikono yake inatetemeka hata mbele ya afisa mpole mwenye kalamu tu. Mungu anaijua mikono hiyo.

Lakini hofu ni mshauri mbaya, na hapa ndipo baba yetu Ibrahimu anapotufundisha.

Ibrahimu alikuwa mkimbizi wa njaa. Alipokaribia mpaka wa Misri aliogopa kwamba Wamisri watamwua ili wamchukue mkewe, kwa sababu Sara alikuwa mzuri wa uso. Akamwomba aseme kuwa ni dada yake. Jibu lile lilimsaidia kuvuka. Tena alipata faida: kondoo, ng'ombe, punda na watumishi. Lakini tuulize, gharama ililipwa na nani? Ililipwa na Sara. Ibrahimu alibaki hemani na mifugo yake, na Sara akapelekwa katika nyumba ya Farao. Kwa neno moja la mpakani alikuwa amefutwa kuwa mke.

Wapendwa, shikeni jambo hili, ndilo kiini cha somo letu. Uongo wa mpakani humwangukia zaidi yule ambaye hayuko dirishani. Unapomwambia afisa kwamba unakwenda kwa kaka yako, wewe unapita, lakini mume wako amefutwa. Na maandishi hayasahau. Fikiri mama aliyeandikwa mara tano kuwa anakwenda kwa kaka yake. Siku mume analazwa hospitalini, anataka kuvuka kama mke ili amwuguze. Afisa anamwuliza: tangu lini kaka amekuwa mume? Au fikiri baba aliyeandikishwa kambini kuwa hana mke, akidhani hivyo mambo yake yataharakishwa. Miaka inapita, anaitwa kwenye mahojiano, anataja mke na watoto watatu. Anayemhoji anafungua faili la zamani na kukuta kwamba watu hao hawapo. Sasa baba huyu anapaswa kuthibitisha kwamba aliyoyasema kwanza hayakuwa kweli, na bado aaminiwe kwa hayo ya pili.

Tena uongo huu una uzao. Ibrahimu aliurudia kule Gerari (Mwanzo 20), akajitetea kwamba Sara ni binti wa baba yake kweli, ingawa si wa mama yake. Nusu ya kweli, iliyotumika kuficha nusu ya pili. Kisha Isaka, mwanawe, akasema vilevile juu ya Rebeka, hadi mfalme alipochungulia dirishani na kuwaona wanavyochezeana kama mtu na mkewe (Mwanzo 26). Watoto wetu wanasimama kando yetu kwenye foleni. Wanasikia baba yao akiitwa mjomba, na wanajifunza.

Angalieni pia rehema ya Mungu. Hakumwacha Sara. Alimtetea katika nyumba ya mfalme, wakati mumewe alikuwa amenyamaza. Kama kati yenu yuko aliyefutwa kwa jibu la mwenzi wake, ajue kwamba jina lake halijafutwa mbinguni.

Nehemia alijibuje?

Biblia ina mtu mwingine aliyeulizwa maswali ya safari. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, akiishi ugenini. Mfalme alipomwona ana huzuni akamwuliza sababu, na Neno linasema wazi kwamba Nehemia aliogopa sana. Alikuwa na hofu ile ile ya kwetu. Lakini tazameni mambo manne aliyoyafanya.

La kwanza, aliomba kabla ya kujibu. Hakupiga magoti, hakufumba macho. Alimwomba Mungu moyoni katikati ya swali na jibu. Sala ya namna hii yaenea hata kwenye foleni ya Grande Barrière.

La pili, alisema kweli, na kwa ufupi. Alisema anakokwenda na kwa nini: mji ulio na makaburi ya baba zake umebomoka, anataka kuujenga. Na mfalme alipomwuliza safari itachukua muda gani na atarudi lini, alitaja muda. Ndugu, hayo ndiyo maswali ya afisa wa leo. Ukiulizwa unakwenda kwa nani, jibu: kwa mume wangu. Ukiulizwa utakaa siku ngapi, taja siku, na urudi siku hiyo. Kama ni mchumba, sema mchumba wangu. Uchumba uliojulikana na wazazi na kanisa hauna aibu yoyote. Afisa asipouliza habari za vita, za siasa au za jirani yako, usizilete. Wengi huharibu kwa maneno mengi kuliko kwa maneno mabaya.

La tatu, hakusema kila kitu kwa kila mtu. Alipofika Yerusalemu alizunguka kuta usiku na hakumwambia mtu mipango yake (Nehemia 2:12). Kunyamaza kwa hekima kuna nafasi yake. Mkristo hapaswi kumweleza kila aliyeshika bunduki habari za familia yake, na mwenye kuwinda roho ya mtu hadai kweli kwetu kwa haki. Wakunga wa Kiebrania waliliona hilo mbele ya Farao (Kutoka 1). Hapa tunasema juu ya dirisha la uhamiaji, ambako mtu anafanya kazi halali ya kuuliza. Ni vizuri kutenganisha mambo haya mawili, tusitumie hatari ya msituni kama kibali cha kudanganya mjini.

La nne, aliomba barua. Alitaka barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wamruhusu apite. Kumtegemea Mungu hakukumzuia kutafuta karatasi. Na hapa, wapendwa, tunakuja kwenye wajibu wetu.

Tuifanye kweli iwe na karatasi

Mara nyingi watu wanadanganya kwa sababu kweli yao haina ushahidi. Mahari ilitolewa, wazee walikula na kunywa, lakini hakuna kilichoandikwa. Katika Congo, sheria ya familia ya mwaka 1987 inatambua ndoa ya kimila, ila inatakiwa iandikishwe kwenye etasivili. Hapa Rwanda ndoa inayotambuliwa na serikali ni ile ya mume mmoja na mke mmoja iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali kwenye ofisi ya sekta. Baraka ya kanisa ni njema sana, lakini haichukui nafasi ya cheti hicho. Waandikisheni watoto, na majina ya wazazi wote wawili yawemo. Na mnapoandikishwa na serikali au HCR, mtajeni mwenzi hata kama yuko mbali, hata kama hamjui atafika lini.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kuvuka. Aliye na hadhi ya mkimbizi asitoke kambini na kadi ya mchaguzi ya zamani mfukoni, akapita mpakani kama si mkimbizi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unasema kwamba mtu anayejiweka tena kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, au anayerudi kukaa huko kwa hiari, aweza kupoteza hadhi hiyo. Na hati ya kusafiria ya mkimbizi, kwa kawaida, haimruhusu kurudi katika nchi aliyoikimbia. Hata hivyo, mwongozo wa HCR wa mwaka 1979 unakubali kwamba kumtembelea mzazi mzee au mgonjwa hakulingani na safari za mara kwa mara za likizo au biashara. Kwa hiyo usiamue kwa kusikia maneno ya kwenye bomba la maji. Nenda kwenye ofisi ya ulinzi, uliza kwanza, eleza hali yako kama ilivyo. Pengine ni bora zaidi mwenzi ndiye avuke kuja kwako.

Ninyi wachumba, msiharibu ushuhuda wenu. Ukienda kumtembelea mchumba, lala kwa shangazi, kwa mzee wa kanisa au kwa jamaa anayeheshimika, ili jibu lako mpakani na maisha yako ng'ambo viwe kitu kimoja. Mchungaji anaweza kukuandikia barua ya kukutambulisha. Barua hiyo haitalazimisha mlango kufunguka, lakini itaonyesha kwamba husafiri kama mtu asiye na kwao.

Na ukiombwa kitu kidogo ili usiulizwe maswali, usitoe. Anayenunua njia leo, kesho ataikuta bei imepanda, na atakuwa amempandishia pia mama anayekuja nyuma yake asiye na kitu.

Neno kwa ninyi mnaouliza

Tunajua kwamba wako maafisa wanaosali pamoja nasi Jumapili. Ndugu zetu, kazi yenu ni ya lazima, na tunawaombea. Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi. Aliwakataza kudhulumu na kuwataka waridhike na mshahara wao (Luka 3:14). Mama akiwaambia anakwenda kwa mumewe, msimcheke mbele ya foleni. Msimwulize mambo ya chumbani. Ninyi mkiidhihaki kweli, mnawafundisha watu kwamba uongo ni salama zaidi.

Hata ikiwa mlango haukufunguka

Hatutawaahidi kwamba kila asemaye kweli atavuka. Wako waliosema kweli wakarudishwa. Lakini aliyerudishwa akiwa amesema kwamba yule ni mume wake, amerudi akiwa bado ni mke. Hakumkana mwenzi wake. Kesho anaweza kurudi dirishani na neno lile lile, na litakubaliana na la jana.

Kumbukeni Hajiri, mwanamke mjakazi, mjamzito, mkimbizi jangwani. Malaika wa Bwana alimkuta kwenye chemchemi akamwuliza alikotoka na anakokwenda (Mwanzo 16). Aliweza kujibu swali la kwanza tu. Alisema amemkimbia bibi yake. La pili hakuwa na jibu lake. Wengi wetu tuko hapo: tunajua tulikotoka, hatujui tunakokwenda. Lakini yeye alisema ile kweli aliyokuwa nayo, na Mungu akampa iliyobaki, naye akamwita Mungu amwonaye.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyevushwa mpaka wa Misri ukiwa mtoto mikononi mwa Yusufu na Mariamu, uwalinde wanaosafiri kwenda kwa wapenzi wao. Utie neno fupi na la kweli vinywani mwao. Ulainishe mioyo ya wanaouliza. Uwatunze walio mbali wasichoke kungoja, wasitafute faraja mahali pasipofaa. Na siku moja utukusanye, kila nyumba na watu wake. Amina.

Mungu awabariki. Mwenye kutaka kuandikisha ndoa yake au watoto wake, awaone wazee wa kanisa baada ya ibada. Tutamsindikiza hadi ofisini.