Ushauri wa Chakula, Leseni na Dhamana

Swali la iwapo dola ina haki ya kumzuia mtu asimshauri mwenzake kuhusu chakula ni la falsafa kabla ya kuwa la sheria, kwa sababu ujuzi wa chakula ni jambo ambalo kila mzazi humrithisha mwanawe bila kuomba idhini ya yeyote. Nchini Marekani, ambako kila jimbo hujitungia sheria zake za taaluma, majibu yamefuata hasa mikondo miwili: ulinzi wa cheo, yaani sheria inayomwacha kila mtu ashauri ila humkataza asiyefuzu kujiita mtaalamu wa lishe, na leseni ya utendaji, ambayo humkataza asiye nayo kuifanya kazi yenyewe, kwa jina lolote atakalojiita.

Florida iliufuata mkondo wa pili kwa ushauri unaolipiwa hadi ilipoilegeza sheria yake mwaka 2020. Mshauri mmoja wa afya, aliyetozwa faini kwa kuwahudumia wateja bila leseni, alidai kuwa kazi yake ilikuwa ni kusema tu, na kwamba usemi unalindwa na Katiba. Lakini mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kuwa sheria hiyo ya awali ilisimamia utendaji wa taaluma, na kwamba iliugusa uhuru wa kusema kwa pembeni tu.

Mwanafalsafa John Stuart Mill, katika On Liberty ya 1859, aliutetea mkondo wa kwanza: kila anayefaulu mtihani apewe cheti, lakini cheti kisimpe upendeleo wowote kuliko ule uzito ambao umma wenyewe utaamua kukipa. Hoja hiyo humheshimu mtu mzima kuwa mwenye mamlaka juu ya mwili wake, ila inachukulia kwamba anaweza kuupima ushauri anaopewa, na mgonjwa wa figo mara nyingi hana uwezo huo. Potasiamu, madini yaliyomo kwa wingi katika ndizi na madafu, hutolewa na figo zenye afya kupitia mkojo, lakini hulundikana katika damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, hata ikaweza kuusimamisha moyo wake.

Fiqhi ya Kiislamu iliukabili ugumu huu kwa dhana ya dhamana, yaani wajibu wa kufidia madhara, unaomwangukia anayetibu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, hata kama nia yake ilikuwa njema. Hata hivyo, fidia huja baada ya msiba. Ndiyo maana, kama wanahistoria wa tiba wanavyosimulia, mwaka 931 Khalifa al-Muqtadir, baada ya mgonjwa kufa kwa kosa la tabibu, aliamuru matabibu wa Baghdad watahiniwe kabla ya kuruhusiwa kutibu.

Leseni, basi, ni ya haki inapomlinda mtu asiyeweza kuupima ushauri na asiyeweza kupona kosa lake. Inapotakiwa hata kwa kumfundisha mtu mzima mwenye afya kupanga mlo wake, huigeuza elimu ya wote kuwa milki ya wachache. Tahadhari hii ina uzito zaidi tangu 2024, ambapo usajili wa kitaifa wa wataalamu wa lishe tiba nchini Marekani ulianza kudai shahada ya uzamili kwa waombaji wapya, sharti linalokuza elimu na wakati huohuo kupandisha gharama ya kuifikia taaluma. Dola inayomnyamazisha asiyefuzu imejitwika dhamana yake yenyewe, nayo ni kuhakikisha kwamba mgonjwa maskini anampata aliyefuzu, kwa kuwa bila hilo itakuwa imemwondolea ushauri wa hatari na kumwacha bila ushauri wowote.