Saa 24 za Mgeni

Kijana mmoja wa Tanga alikuwa akisoma Guangzhou, na darasani kwake alipata rafiki wa kweli, mzaliwa wa Congjiang, wilaya ya milimani kusini-mashariki mwa jimbo la Guizhou. Ilipokaribia tarehe 1 Oktoba, sikukuu ya taifa ambayo huwapa Wachina likizo ya takriban wiki nzima, rafiki akamwambia, "Kaka, chuo kitabaki kitupu. Twende kwetu. Mama ameshaniuliza unakula nini."

Kijana naye akauliza mawili matatu: nyumba ina nafasi? Kuna baridi? Nibebe nini? Yote yakajibiwa kwa neno moja: "Usiwe na wasiwasi, mimi si nipo?" Akanyamaza. Kuendelea kuuliza aliona ni kumdharau mwenyeji wake kabla hata hajafika kwake.

Walipanda treni ya mwendo kasi saa mbili asubuhi. Njia hiyo ya Guangzhou hadi Guiyang ilifunguliwa Desemba 2014, na sehemu kubwa yake hupita ndani ya mahandaki na juu ya madaraja, maana nchi yote ile ni milima. Saa sita mchana wakawa wameshuka Congjiang. Nchini China mgeni hukata tikiti ya treni kwa jina na namba ya pasipoti, na huionyesha pasipoti yenyewe kabla ya kuingia stesheni. Kijana alipoona afisa ameipokea yake, akaitazama na kumrudishia, moyo ukatulia. Alidhani serikali imeshajua aliko. Ilichojua ni kwamba kapanda treni. Usiku ule atalala kwa nani, hilo lilikuwa halijaandikwa popote.

Basi dogo likawapandisha mlimani, na saa nane mchana wakaingia uani. Wakazi wa kijiji kile ni Wadong, watu wenye lugha yao, mashuhuri kwa minara ya mbao wanapokutania wazee na kwa nyimbo za sauti nyingi zisizopigiwa ala, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2009. Mzee wa nyumba hakuwapo. Alikuwa shambani akifungulia maji yatoke kwenye majaruba, kwani mavuno yalikuwa yamefika. Huko mpunga, samaki na bata hulelewa pamoja ndani ya jaruba moja. Vifaranga vya samaki hutiwa miche ikishapandwa, na bata huingizwa baadaye, samaki wakishakuwa wakubwa kiasi cha kutoliwa. Magugu na wadudu huwa chakula chao, na samadi yao ikawa mbolea ya mpunga. FAO iliutambua ukulima huo wa Congjiang mwaka 2011 kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Maji yakikauka, samaki hubaki wakirukaruka topeni na watoto huwakamata kwa mikono. Kijana akakunja suruali akajitosa nao. Kijiji kizima kikacheka, na baada ya saa moja hakuna aliyekuwa hajamwona.

Jioni ikaja meza. Kijana alikuwa Mwislamu, na rafiki yake alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza. "Mboga hizi hazina nyama ya nguruwe?" "Hazina hata kipande." Lilikuwa jibu la kweli. Akala bakuli la kwanza, akaongeza la pili, kisha akamwona mama anachota kitu cheupe kutoka kwenye gudulia na kukitia kwenye karai la moto. Mafuta ya nguruwe. Katika majiko mengi ya vijijini kule ndiyo ya kukaangia kila kitu, tangu majani ya kabichi hadi mayai, na kwa mpishi hayo si nyama kama vile chumvi isivyo nyama. Hakuna aliyemdanganya. Swali ndilo lililokosewa: aliuliza kuhusu kipande, akasahau karai.

Mambo hayo mawili, la kulala bila kuandikwa popote na la mafuta, ni jambo moja. Rafiki mzawa anakujua wewe, anaijua nchi yake, lakini hajawahi kuwa mgeni ndani yake. Hajawahi kutafuta chakula halali kijijini kwao. Hajawahi kulala kwao akiwa na pasipoti mfukoni. Ukimuuliza njia, atakufikisha. Ukimuuliza masharti yanayomhusu asiye raia, atakujibu kwa kukisia, na atakisia kwa kujiamini kwa sababu pale ni kwao.

Baada ya chakula kijana akakumbuka maneno ya mwanafunzi mmoja wa zamani: ukilala nyumbani kwa mtu, nenda polisi ukajiandikishe. Akalitaja. Rafiki akaangalia saa, akasema leo sikukuu, ofisi zimefungwa, tutakwenda kesho au keshokutwa. Hapo akadakia baba yake mdogo, aliyewahi kushika uongozi kijijini, mtu wa kusikilizwa. Akasema kwa utulivu, "Mjini ni siku moja. Vijijini ni siku tatu. Mle kwanza samaki."

Mzee huyo hakuwa anabuni. Chini ya kanuni za zamani, mgeni mjini alipewa saa 24 na mgeni kijijini saa 72. Lakini kanuni hizo zilikwisha. Sheria mpya ya kuingia na kutoka nchini ilipitishwa mwaka 2012 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, na haimpi wa kijijini ahueni yoyote: mgeni anayelala mahali pasipo hoteli huandikishwa polisi ndani ya saa 24 tangu afike, ama aende mwenyewe ama aende aliyempokea. Hotelini kazi hiyo hufanywa na watu wa mapokezi wanapochukua pasipoti yako, ndiyo maana mtu aweza kutembea China mara nyingi asijue kwamba sharti hilo lipo. Mzee alikuwa na elimu sahihi iliyopitwa na wakati. Hiyo ni hatari kuliko ujinga, kwa kuwa mjinga angalau hujibu "sijui".

Wakalala. Kesho yake walikwenda kutazama mashamba ya ngazi ya Jiabang, na saa nane mchana ikapita wakiwa mlimani wanapiga picha. Waliporudi magharibi walimkuta askari ameketi uani, kikombe cha chai mkononi. Hakuna aliyechongea. Mwafrika aliyeshika samaki topeni mbele ya kijiji kizima hahitaji kuchongewa. Askari alikuwa mpole, akaomba pasipoti, akauliza amefika lini na saa ngapi, akaandika, akasema waje kituoni asubuhi, kijana na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni baba. Si yule rafiki aliyesema "mimi si nipo". Asubuhi ya mavuno, mpunga ukisubiri na mvua ikitishia, mzee aliacha mundu, akavaa koti lake la sherehe, akashuka na basi hadi kituo cha polisi cha tarafa kueleza kwa nini alimlaza mgeni bila taarifa. Sheria inaruhusu onyo, na faini ya hadi yuan 2,000. Wao walipewa onyo. Kijana akaandika maelezo, mzee akatia sahihi. Njiani kurudi mzee alitania, akamnunulia kijana machungwa, lakini hakumtazama mwanawe mpaka walipofika. Rafiki akakaa kimya siku mbili. Wala usidhani onyo ni maneno matupu: anayetaka kuongeza muda wa kibali cha ukaazi mara nyingi hudaiwa karatasi ya kuandikishwa makazi, na mwenye kasoro katika hilo hujieleza upya.

La kusikitisha ni kwamba kijana huyu alilelewa katika utaratibu uo huo. Tanzania ina mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, na bibi yake hakumlaza mgeni bila kumtuma mtoto kwa balozi akaseme nani amekuja, ametoka wapi, ataondoka lini. Kenya nayo ilianzisha Nyumba Kumi yake mwaka 2013. Angefika Handeni au Lushoto asingejiuliza mara mbili. Alipovuka bahari alidhani adabu hiyo ameiacha nyumbani, na kwamba mapenzi ya mwenyeji yanatosha kuwa kibali. Mimi namlaumu yeye kuliko rafiki yake. Mwenyeji alikosa maarifa, lakini kijana alikuwa nayo, akaona haya kuyashikilia mezani mbele ya wakubwa.

Basi wewe unayealikwa kijijini na rafiki Mchina, iwe Guizhou, Yunnan au Henan, muulize kabla ya kukata tikiti: kituo cha polisi kinachohudumia kijiji chenu kiko wapi? Asipojua, amwombe baba yake amuulize kiongozi wa kijiji. Mkifika, pitieni hapo kwanza au rudini kabla ya usiku. Chukua pasipoti yenye viza au kibali. Mwenye nyumba achukue kitambulisho chake na karatasi za nyumba. Ukipewa hati ya uandikishaji, itunze pamoja na pasipoti mpaka utakapoondoka nchini. Na mama akikuuliza unakula nini, usitaje nyama peke yake, mwambie na mafuta. Uandikishaji wa polisi hautozwi ada, na siku za sikukuu huwa kuna askari wa zamu.