Dhamiri Inapougua

Katika vituo vya umeme wa mvuke vya Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1981, kukagua ni sehemu ya kazi. Fundi wa zamu husoma geji, huhakikisha vali imefungwa, huandika daftarini, kisha husonga mbele. Tuseme mmoja anairudia vali ileile mara ya saba, ingawa ameiona kwa macho yake kuwa imefungwa, kwa sababu wazo fulani linamwambia wenzake wataungua na damu yao itakuwa juu yake mbele ya Mungu. Je, dhamiri yake ni safi kuliko za wengine?

La, anaumwa. Ugonjwa huo, ambao madaktari huuita OCD, humletea mtu mawazo asiyoyataka na kumshurutisha arudie jambo ili apate utulivu wa muda mfupi. Aghalabu hauji peke yake. Utafiti wa kitaifa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliona kwamba takriban wagonjwa 9 kati ya 10 waliwahi kuwa na tatizo jingine la akili, hasa hofu iliyopindukia na sonona. Na sonona nayo humfanya mtu ajione mkosaji. Wazo linamshtaki, huzuni inatoa ushahidi, naye anaamini kwamba ni Mungu aliyehukumu.

Ignatius wa Loyola, mtakatifu wa Kanisa Katoliki, aliyapitia mateso ya namna hiyo huko Manresa, Hispania, mwaka 1522. Aliungama, akaungama tena, akashawishika kujiua, akafunga wiki nzima mpaka padri alipomwamuru ale. Alipata nafuu alipoamua kutoungama tena dhambi za zamani. Waislamu nao wamefundishwa na Mtume kwamba Mungu ameusamehe umma wake yale yanayonong'onwa nafsini, maadamu hayajatendwa wala kusemwa. Kwa Wakristo na Waislamu vilevile, dhambi inahitaji ridhaa, na mgonjwa huyu hajaridhia.

Kwa hiyo mchungaji au imamu wa Naivasha anayeulizwa kwa mara ya kumi, "Je, nimesamehewa?" asidhani kwamba jibu la kumi litamponya muumini wake. Litamtuliza kidogo, kisha swali litarudi na nguvu mpya. Amwombee, na pia amsindikize hospitali ya Gilgil, yenye kitengo cha magonjwa ya akili. Tiba ipo: kufunzwa kuikabili hofu bila kurudia tendo, pamoja na dawa ambazo baadhi yake hutibu sonona pia. Na wakifika, daktari aambiwe yote, hata kama mgonjwa amewahi kutamani kufa.