Jogoo wa 42,000

Jogoo alikuwa mwekundu, mkia mweusi, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Kwa bei za Mzumbe mwaka 2012 hakuzidi shilingi 15,000. Mzee mmoja aliyekaa mbele alimnunua kwa 42,000, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti tuliiweka mimi na rafiki yangu, bila kutoa hata senti moja.

Kwa asiyeujua mnada wa kanisani: msimu wa mavuno ukifika, waumini wanaleta walichonacho. Mkungu wa ndizi ulioteremshwa kichwani kutoka milimani Uluguru, trei ya mayai, maboga, mihogo. Ibada ikiisha watu wanakusanyika nje, anasimama mtu mwenye mdomo, anaanza kunadi. Hakuna anayetegemea bei ya soko. Mtu ananunua papai kwa 10,000 halafu analirudisha linadiwe tena. Ni sadaka yenye vicheko.

Yule mzee alionesha mapema kwamba anamtaka jogoo. Alipofika 18,000, mwenzangu, aliyekuwa anasoma ununuzi na ugavi pale chuoni, akanigusa kiwiko. "Mwanangu, huyu hatoki." Tukagawana kazi. Yeye 22, mzee 25. Mimi 28, mzee 30. Watu wakawa wanashangilia, mzee anageuka kutuangalia, anacheka, anaongeza. Nilipotamka 40,000 nilikuwa na 11,000 mfukoni, nauli ikiwemo. Mzee akasema 42. Tukanyamaza wote wawili kwa pamoja, na nadhani kimya chenyewe kilitosha kutuumbua.

Jioni bwenini tulicheka sana. Mimi sikulala vizuri, lakini nisingeweza kueleza kwa nini. Pesa zilienda kanisani. Mzee hakushikiwa fimbo. Alikuwa na uhuru wa kunyamaza wakati wowote. Sasa kosa liko wapi?

Nilipata msamiati wa jambo hili miaka kadhaa baadaye, mahali nisipotarajia, nilipojifunza briji. Ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili wawili, na kabla ya kucheza karata yenyewe kuna mnada. Kila upande unataja idadi ya mikono unayoahidi kula kati ya 13, na aina ya karata itakayotawala. Anayetaja juu zaidi ndiye anayepata mkataba, na asipoutimiza analipa.

Hapo ndipo nilipokutana na mzee wangu tena. Katika briji, kupandisha dau kwa kitu usichotarajia kukipata ni ustadi unaofundishwa. Tuseme wapinzani wametaja shupaza 4, yaani mikono 10, na unaona kabisa wataila. Hiyo kwao ni pointi 420, au 620 kama wako kwenye hali ya hatari. Wewe unataja pau 5, mikono 11, ukijua utaishia na 9. Wakikupiga dabo unapoteza 300, maana wewe hauko kwenye hatari. Umepoteza kidogo kuliko ambavyo ungepoteza kwa kunyamaza. Na wakikasirika wakapanda shupaza 5, huenda wakaanguka wao. Hakuna anayekuita mwongo. Watakusifu.

Nilifurahi mno. Nikajiambia: kumbe tulikuwa wachezaji tu!

Furaha haikudumu. Anayetaja pau 5 anakaa palepale mezani, na wapinzani wakisema pasi, mkataba ni wake, na hasara ni yake. Dau lake lina uongo wa nguvu za mkono, sawa, lakini halina uongo wa malipo. Mimi 40,000 yangu haikuwa na mtu nyuma yake. Mzee angesema "haya, mchukue", ningefanyaje? Ningecheka, ningejificha nyuma ya watu. Nilikuwa nasukuma mtu kwa mkono ambao haupo.

Halafu kuna lile la kiwiko. Kanuni za briji zinakuruhusu kuwadanganya wapinzani kwa dau, mradi umemdanganya na mwenzako pia. Kisichoruhusiwa ni ninyi wawili kuwa na maana ambayo wengine mezani hawaijui. Mwaka 1965 kule Buenos Aires, Waingereza wawili, Terence Reese na Boris Schapiro, walishutumiwa kwamba walikuwa wakipeana habari za kopa kwa jinsi walivyoshika karata kwa vidole. Shirikisho la dunia likawaona na hatia. Uchunguzi uliofanyika kwao Uingereza ukasema hapana. Waliobishana walibishana kama vidole vilisema kitu. Kwamba vikisema ni wizi, hilo halikuwa na ubishi.

Nilimpigia rafiki yangu kumweleza haya. Siku hizi anashughulika na zabuni, na anawajua vizuri wale wanaoitwa wasindikizaji: kampuni inayoweka bei bila nia ya kushinda, ili ya mwenzake ionekane imeshindanishwa. Hao anawachukia kwa dhati. Nikamwambia, basi sisi tulimsindikiza mzee. Akakataa katakata. "Kule ni hela ya umma inaliwa. Kanisani kila mtu anajua tunapandishana. Mzee mwenyewe anajua!"

Ana hoja, na bado inanisumbua. Ningekuwa na 40,000 kweli, hata kama simtaki jogoo, nadhani ningemsukuma mzee bila dhambi yoyote. Ule ndio mchezo wa pale. Kwa hiyo labda kosa langu lote lina thamani ya 29,000, zile ambazo sikuwa nazo. Lakini nikifikiria kile kiwiko, naona hesabu haijaisha.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Morogoro. Nikashuka Sangasanga, nikaingia Mzumbe, nikamkuta mzee amekaa kibarazani kwake, amepungua mwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamtajia ule mnada. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema yule jogoo hawakumchinja. Alimfuga miaka miwili, na mbegu yake ilijaa mtaa mzima. Akaniuliza kama nakumbuka vijana gani walikuwa wanashindana naye siku ile, maana walikuwa wagumu kweli.

Nikamwambia sikumbuki.