Tawakali na Mizani

Baada ya darsa ya alasiri alitujia ndugu mmoja mwenye duka, akatuuliza suala ambalo twaona si lake peke yake. Alisema: "Shekhe, mimi nikipima sukari kwa mizani kamili, na jirani zangu wapunguza ili waonekane wauza rahisi, wanunuzi watanikimbia. Nami nina watoto. Basi kumtegemea Mungu kwanitaka nifanye nini hapa?"

Twapenda kumjibu mbele ya wasomaji wote, kwani tawakali ni neno alitajalo kila Mwislamu atokapo mlangoni pake asubuhi, na ni wachache wanaoifikiri maana yake.

Wako wanaodhani kutawakali ni kukaa kitako. Hao jawabu lao li jepesi. Mtume (S.A.W.) alimwamuru mtu amfunge ngamia wake, kisha ategemee. Na yeye mwenyewe alipohama Makka, mwaka 622, alikodi kiongozi ajuaye njia, akajificha siku tatu katika pango la Thaur, na Asma binti Abubakar akiwashughulikia chakula. Hakuacha hadhari aliyoiweza. Lakini maadui waliposimama mlangoni mwa pango, na hila zote zimekwisha, moyo wake haukutikisika. Alimliwaza sahibu wake kuwa Mungu yu pamoja nao. Manahodha wetu wayajua haya: chombo hukitia kalafati na kukipaka sifa, kisha hungojea upepo ambao si mali yao.

Lakini ndugu yetu hakuuliza juu ya uvivu. Yeye ni mtu wa kazi. Khofu yake ni kuwa halali haitamtosha. Na hapa ndipo tawakali ijulikanapo. Mwenye kupunguza mizani huwa ameitegemea ile konzi ya sukari aliyoiiba zaidi kuliko Yule aliyemwumba. Ulimi wake wasema "nimetawakali", na kidole chake juu ya mizani chasema kinyume. Tazameni kisa cha Nabii Shuaibu (A.S.) katika Sura ya Hud. Aliwakataza watu wa Madyan kupunguza kipimo na mizani, akawaambia kuwa kile awabakishiacho Mungu ndicho bora kwao. Na walipombishia, Nabii huyo huyo ndiye aliyewajibu kuwa Mungu ndiye amtegemeaye. Twaona mambo mawili haya hayakukutana bure.

Hatuwezi kumwahidi ndugu yetu kuwa duka lake halitafungwa. Mungu hakuahidi maduka. Ameahidi, katika Sura ya Talaka, kuwa mwenye kumcha atamfanyia njia ya kutokea, na atamruzuku kwa namna asiyoitarajia. Huenda njia hiyo ikafunguka baada ya dhiki, na dhiki ni nzito kwa mwenye watoto. Hatutaki kuifanya nyepesi kwa kuwa sisi twaisema tukiwa tumekaa juu ya mswala.

Basi limebaki neno moja, nalo ni letu sisi wanunuzi. Twamjua apimaye sawa, nasi twampita kwa tofauti ya senti chache, kisha jioni barazani twalalamika kuwa amana imeondoka mjini. Rizki asiyoitarajia mtu mara nyingi humjia kwa mkono wa jirani yake. Huenda rizki ya ndugu yetu huyu Mungu ameiweka katika vikapu vyetu, nasi kila siku twaipitisha mbele ya mlango wake tukaipeleka kwa mwingine. Yeye na akamilishe mizani yake na amtegemee Mola wake. Nasi kesho asubuhi, tushikapo vikapu, na tujiulize twaelekea duka gani.

Wabillahi taufiki.